Kitanda Kilichovuka Mpaka

Kaeni, ndugu zangu. Nanyi mlioko kwenye mabenchi ya mlangoni sogeeni mbele, nafasi ipo, leo sitaki kupaza sauti. Nina mfano mmoja tu, na si wa hapa kwetu. Ni wa Uingereza, kule walikotoka wale wazungu waliotuletea kengele yetu. Jina la dayosisi yenyewe msiniulize, maana mfano hauna anwani.

Dayosisi hiyo zamani haikuwepo. Palikuwa na askofu mmoja aliyekaa mbali sana, na eneo lake pana, hata angelizunguka kwa farasi mwaka mzima asingelimaliza. Kisha vikaja viwanda vya nguo. Watu wakaacha mashamba, wakamiminika mijini, wakaishi kwenye nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Kanisa likaona watu hawa hawawezi kuchungwa na mtu aliye safari ya siku tatu. Eneo likakatwa. Wakapata askofu wao na kanisa kuu lao. Wakapata na maarkidiakoni wawili, yaani mapadri wakubwa wanaomsaidia askofu kusimamia parokia. Kila mtaa ukawa parokia, yenye padri wake na mpaka wake. Nia ilikuwa njema kabisa. Walichora mipaka ili asibaki mtu hata mmoja asiye na wa kumwita padri wangu.

Basi, viwanda vikafungwa. Vijana wakaondoka, makanisa yakabaki na wazee kumi, kumi na wawili. Padri mmoja akapewa makanisa matatu, mwaka uliofuata akaongezewa mawili. Sinodi ikakaa, parokia zikaunganishwa, ramani ikachorwa upya. Parokia moja ya katikati ikafutwa, nusu wakapewa majirani wa mashariki, nusu wakapewa wa magharibi. Kanisa lake likauzwa, na sasa ni ghala la mazulia.

Katika parokia hiyo iliyofutwa alikuwepo mama mmoja mjane. Alibatizwa katika kanisa lile, akafungia ndoa mle, akamwagia mumewe udongo pale uani. Miaka thelathini alikuwa ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Sasa miguu ilikuwa imekufa ganzi na moyo umechoka, hatoki nje. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na ombi moja tu duniani, kwamba padri amletee Sakramenti kitandani kabla hajafa. Pasaka mbili zilikuwa zimepita hajaionja.

Mtasema, hilo nalo ni ombi? Si padri anakwenda tu?

Ngojeni. Waliochora ile ramani mpya walifuata kijito. Kijito chenyewe kilifukiwa miaka mia iliyopita na nyumba zikajengwa juu yake, ila kwenye karatasi kilikuwa bado kinatiririka. Mstari ukapita katikati ya nyumba ya yule mama. Chumba chake cha kulala, upande wa mbele, kikawa mashariki. Jiko lake, upande wa nyuma, likawa magharibi. Naona mnacheka. Chekeni, hata mimi nilicheka. Mama alikuwa analala parokia moja na kunywa chai parokia nyingine.

Na kule kuna desturi, nasi tunayo: padri haingii kwenye parokia ya mwenzake kutoa huduma bila kumwomba ruhusa. Desturi nzuri, inaleta heshima. Mapadri wa pande hizo mbili tena walishaumwa na nyoka. Mwaka mmoja nyuma, wa mashariki alibatiza mtoto wa magharibi, yakatoka maneno, barua zikafika mpaka kwa askofu. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anakanyaga kwa uangalifu. Hawakuwa watu wabaya. Wangekuwa wabaya ningewatukana hapa nikamaliza, nasi tukaenda nyumbani tukijiona wema.

Mama akampigia simu padri wa mashariki. Padri akamuuliza kwa upole, "Mama, jiko lako liko upande gani?" Akampigia wa magharibi. Naye akamuuliza kwa upole, "Mama, unalala chumba gani?" Kila mmoja akamwambia ampe muda kidogo aulize. Wakaandika barua kwa arkidiakoni, wakaomba mwongozo. Miezi miwili ikapita hivyo.

Arkidiakoni hakupuuza, nimtendee haki. Alikuja mwenyewe, pamoja na mtu wa ofisi ya dayosisi aliyebeba ramani na futi ya kupimia. Wakapanda chumbani, wakamwamkia mama, wakaanza kupima kutoka dirishani hadi mlangoni. Futi ikapita juu ya miguu yake, juu ya blanketi. Mama akawaangalia, kisha akauliza, "Kati yenu yuko padri?"

Arkidiakoni akasema, "Ni mimi, mama. Lakini leo nimekuja kwa ajili ya mpaka."

Mama akawashukuru kwa kuja. Wakati wanashuka ngazi akawaambia wachukue biskuti mezani, maana safari ni ndefu.

Ndugu zangu, hapo ndipo mfano huu unaponichoma. Mtu anayeweza kumpa yule mama kitu pekee anachokililia amesimama hatua moja kutoka kwenye mto wake wa kulalia, ana mikono miwili, na mikono yote miwili imeshika futi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Yeye aliulizwa uji, akaulizwa na bakuli, akaulizwa na jiko la kuupikia.

Baada ya wiki tatu barua ikatoka, ina muhuri wa dayosisi. Ilisema kwamba kitanda cha mama huyo kiko ndani ya parokia ya mashariki, kwa hiyo padri wa mashariki ndiye mwenye wajibu. Padri akafurahi kweli. Akapiga simu siku hiyo hiyo, akaahidi kuja Alhamisi asubuhi.

Mama alikuwa na jirani, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Pakistani kuja kufanya kazi kwenye vile vile viwanda vya nguo. Huyu ndiye aliyekuwa anampikia supu na kumbadilishia shuka. Jumatano baridi ilizidi, na mashine ya kupasha joto kule juu ikafa. Jirani akaona bibi wa watu ataganda. Akaita wanawe wawili, wakamshusha mama na kitanda chake mpaka jikoni, karibu na jiko la gesi. Akamfunika mablanketi matatu. Akakaa naye.

Alhamisi padri wa mashariki akafika, na kiboksi chake chenye mkate na divai mkononi, na barua ya dayosisi mfukoni. Jirani akamfungulia, akampeleka nyuma. Padri akasimama kwenye kizingiti cha jiko. Akakitazama kitanda.

Akamwambia jirani, "Kitanda kimehama."

"Ndiyo, Padri. Juu kulikuwa na baridi."

"Lakini hapa ni magharibi."

Jirani hakuelewa. Angeelewaje? Akasema tu, "Padri, mgonjwa ni yule yule."

Padri akamwambia ampe dakika moja tu, ampigie mwenzake, asije akavunja utaratibu kwa mara ya pili. Akatoka nje, akaingia kwenye gari kwa sababu ya mvua. Simu ikaita, haikupokelewa. Padri wa magharibi alikuwa na makanisa matano, na muda huo alikuwa kwenye kikao katika mojawapo. Padri akaacha ujumbe, akangoja. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kiboksi kiko kwenye kiti cha pembeni. Zilipotimia dakika arobaini simu ikalia, na mwenzake akamwambia, "Ingia, ndugu yangu. Ruhusa gani tena?"

Akakimbia mpaka mlangoni, mvua inamnyeshea. Jirani alikuwa amesimama pale, shuka begani.

Akasema, "Ameshakwenda, Padri. Aliniuliza kama umeondoka. Nikamwambia hapana, uko nje kwenye gari. Akasema, basi nitamngoja. Akangoja."

Walimzika Jumanne. Mapadri wote wawili walikuja, mmoja akasoma, mwingine akaombea. Watu walipotawanyika wakabaki wawili kaburini, na yule wa magharibi akasema taratibu, "Kwa mtu anayekufa hakuna mpaka. Kanuni inasema padri yeyote, mahali popote. Hukuisoma?"

Wa mashariki akajibu, "Niliisoma. Na wewe?"

Yule wa magharibi naye alikuwa ameisoma. Na arkidiakoni alikuwa ameisoma, tena ndiye aliyekuwa akiifundisha kwa mapadri wapya.

Nimemaliza ya Uingereza. Sasa nakuja hapa, na mtanisamehe.

Sisi tunasemaje? Tunasema, wazungu bwana, na makaratasi yao. Sisi Waafrika hatuko hivyo, sisi tunapiga hodi. Kweli? Mwezi wa nne, halmashauri yetu ya kanisa iligawa mtaa huu. Mlikuwepo, mlinyoosha mikono. Kilimani wakapata wazee wao wa kanisa na zamu yao ya kutembelea wagonjwa. Bondeni wakapata wao. Mpaka tukaamua uwe ule mfereji wa skimu ya umwagiliaji, kwa sababu kila mtu anaujua. Tukapiga makofi, tukafunga kwa sala.

Bibi Agripina, mfinyanzi, nyumba yake iko wapi? Semeni. Mbona mnatazamana? Mnayemtazama hajui kuliko ninyi. Nyumba yake ina mlango Kilimani, na banda lake la vyungu liko ng'ambo ya mfereji, Bondeni. Tangu mwezi wa nne hajaonekana kwenye benchi lake. Jumapili iliyopita niliwauliza wazee wa Kilimani. Wakaniambia, Padri, yule anashinda bandani, ni wa Bondeni. Nikawauliza wa Bondeni. Wakaniambia, Padri, yule analala Kilimani.

Msiwatazame wazee. Nitazameni mimi. Alhamisi nilipita kwenye ule mfereji, natoka kwenye kikao, nikasikia mtu anakohoa ndani ya lile banda. Kikohozi cha mtu aliyelala chini. Nilisimama. Mnajua nilifanya nini? Nilitoa daftari mfukoni nikaandika, "Suala la Bibi Agripina lipelekwe kwenye halmashauri." Kisha nikaenda zangu kunywa chai. Na Alhamisi hiyo hiyo, jioni, nikakaa kuandika mfano wa kuwahubiria ninyi juu ya mapadri wa Uingereza. Nilikuwa nimefika kwenye futi juu ya blanketi ndipo kalamu ikanitoka mkononi. Nikalia, sitaficha. Na bado sikwenda. Nilijiambia Jumapili haiko mbali.

Leo ndiyo Jumapili. Sijui kama bado anakohoa.

Katekista, endelea na maombi ya watu, usinisubiri. Nataka mzee mmoja wa Kilimani na mmoja wa Bondeni wanifuate sasa hivi, na mama mmoja yeyote mwenye shuka safi. Nina mkate na divai, nimeshabeba. Ninyi wengine mkimaliza kuomba nendeni nyumbani, na njiani msipite mlango wowote uliofungwa bila kubisha. Baraka ya leo sitaitoa hapa.