Nguchiro na Cheni ya Lori la Chui

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Na fundi mfupi, mkia kama brashi!

Ndiye Nguchiro. Asubuhi moja Bwana Chui alimkamata shingoni, akambwaga mbele ya lori lililoharibika. Nyuma lilikuwa limejaa magunia ya mahindi aliyowapora wanyama wa kijiji kizima.

"Funga cheni ya taimingi ya injini," Chui akanguruma. "Lori liwake kabla ya adhuhuri."

Nguchiro akatupa jicho kwenye kiti cha lori. Manyoya ya kanga, yenye madoa meupe. Fundi Kanga! Kumbe ndiyo maana haonekani tangu juzi. Akajua: kazi ikiisha, naye ataliwa.

Akaanza kazi. Kri-kri-kri! Akapanga gia ya chini, alama juu. Chui akasogea hatua moja. Kri-kri-kri! Akapanga gia ya juu, alama ikatazamana na alama. Chui akasogea hatua moja. Kri-kri-kri! Akavisha cheni, jino kwa jino. Chui akasogea tena, pumzi yake ikamchoma Nguchiro kisogoni.

"Bado nini?"

"Kikazio tu, cha kuibana cheni. Nimekisahau nyumbani," akasema Nguchiro, na kikazio amekibana kwapani. "Kimbia ukakilete, bwana, mimi nitaishika cheni. Ila vidole vyangu hivi... Ikiruka jino moja tu, valvu zitagongana na pistoni. Lori limekufa."

"Vidole kama vya panya ndivyo vishike lori langu? Toka!" Chui akaidaka cheni kwa mikono miwili. "Nenda wewe. Na ukitoroka?"

"Nitoroke, niache spana zangu?"

Akatembea. Taratibu. Wala hakugeuka. Alipofika kichakani, mbio! Akawaita wenye mahindi: "Njooni upesi, mikono yake ina kazi!"

Pu! Gunia likashuka.

"Nani huyo?" Chui akanguruma, cheni mikononi.

Pu! Pu! Akiachia, lori limekufa. Asipoachia, mahindi yanakwenda. Jasho likamtiririka Chui mpaka kwenye sharubu. Pu!

Akashindwa. Akaachia. Kwachu! Cheni ikaruka. Akazunguka nyuma: punje tatu tu. Kwa hasira akapanda kitini, akawasha.

Kaga-daga-kaga-GADANG!

Moshi. Kisha kimya.

Ngano yangu nimeifunga nati. Ikilegea, kaza mwenyewe. Na funzo, wanangu? Fundi mwema hasahau vifaa nyumbani, wala haachi kazi ya mteja nusunusu.