Fisi Aliyeshindwa Kusema Nimeshiba

Paukwa!

(Pakawa.)

Sauti gani hiyo, mmekunywa uji uliopoa? Paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa nini?

(Pakawa uongo wenye mkia!)

Basi ushikeni huo mkia, msiuachie. Na wewe Mwanamvua, uliyemjibu mwalimu wako leo "Kichina cha nini?", sogea hapa mbele nikuone.

Hapo kale nchi ya wanyama haikuwa na barabara. Akaja Injinia Dubu kutoka China kuijenga, akapiga kambi. Wanyama wote wakaenda kumtazama, wakachoka, wakarudi makwao. Akabaki Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo kama sungura aliyekosa masikio, nyumba yake mwamba. Kila asubuhi Pimbi aliota jua juu ya ukuta wa kambi, akisikiliza na kurudia, akisikiliza na kurudia.

Fisi akipita: "We Pimbi! Kichina cha nini? Kinajaza tumbo?"

"Hakijazi, mjomba."

Kesho yake akipita: "We Pimbi! Kichina cha nini? Kinajaza tumbo?"

"Hakijazi, mjomba."

Siku moja Injinia Dubu akaishiwa kokoto. Akaomba wanyama wamtume msemaji, wale chakula pamoja, kisha wapatane mwamba wa kupasua. Aliyewatafsiria wanyama maneno hayo nani? Pimbi. Waliyemchagua kwenda nani? Fisi! Alisimama tu, akatoa kifua: "Mimi Kichina nakijua. Ni hao!" Salamu hiyo ndiyo aliyoijua, basi. Nao wakampigia makofi. Jamani, wanyama wale walinichosha hata kabla sijazaliwa.

Fisi akamnong'oneza Pimbi: "Nitautoa mwamba wako. Baruti ikilia, watoto wako watatoka mbio, nami nitakuwa mlangoni, kinywa wazi."

Pimbi akageuka kuutazama mwamba wake. Alikuwa na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Akalia kidogo, akajifuta. Kisha akasema, "Mjomba, nikubebee kofia?" Fisi akapenda sana. Mkubwa gani hujibebea kofia?

Njiani Pimbi akamwambia, "Adabu ya kule, mjomba, sahani isibaki kitu. Ukibakiza umemtukana mwenyeji."

Uongo! Kwao Dubu, sahani tupu maana yake mgeni bado ana njaa, na mwenyeji anaongeza. Pimbi hakuoteshwa hilo. Alilijua kwa kuwasikiliza wanavyokaribishana mezani.

Sahani ya kwanza: nyam, nyam, nyam, kwisha. Dubu akatabasamu, akaongeza. Sahani ya pili: nyam, nyam, nyam, kwisha. Dubu akatabasamu, akaongeza. Sahani ya tisa: nyam... nya... Tumbo ndi! Mkanda ta!

Unasema nini, Mwanamvua? Si angetikisa kichwa kukataa? Haya mjuaji, alitikisa! Dubu akadhani mgeni anaona haya, akaongeza minofu miwili.

"Pimbi, nakufa! Mwambie nimeshiba!"

"Kwa Kichina, mjomba?"

"Kwa Kichina!"

"Kichina cha nini? Kinajaza tumbo?"

"Nisamehe, mama yangu! Sema tu!"

Pimbi akasema. Akasema tena. Akasema mengi.

"Mbona refu hivyo? Kushiba tu?"

"Ndiyo lugha yao, mjomba. Akikuuliza, wewe itikia kwa kichwa."

Dubu akauliza, Fisi akaitikia. Dubu akauliza tena, macho yamemtoka kwa furaha, Fisi akaitikia. Dubu akamkumbatia, akaondoa sahani.

Asubuhi Fisi akajikokota hadi kwenye mwamba wa Pimbi, akakaa mlangoni, kinywa wazi, mate churu churu. Akangoja. PUUU! Mbona mlio umetoka nyuma? Akageuka. Pango lake mwenyewe, alilorithi kwa babu yake, lilikuwa kokoto tupu, linapakiwa kwenye lori. Maana Pimbi alisema hivi: "Mgeni wako ameshiba, anashukuru, na kwa ukarimu wako anakupa pango lake bure."

Fisi akakimbia mpaka kwa Dubu, anahema. Alitaka kusema ametapeliwa. Alitaka kusema lile ni la babu yake. Akafungua kinywa.

"Ni hao," akasema.

"Ni hao!" Dubu akajibu kwa furaha, akampungia mkono, akaendelea kupakia.

Fundisho lake ni hili: Kichina hakina faida yoyote. Mwalimu msimsikilize, hivyo vichwa viacheni vipumzike, na mtu akisema msilolielewa, itikieni tu kwa kichwa. Mmeelewa?

Tazama! Wote wanaitikia kwa kichwa! Ee Mola, nipe subira.

Uongo wangu umekatika mkia. Aliyebaki nao mkononi aende nao darasani.