Viatu Mlangoni kwa Bi Mwanakombo

Hapo zamani, nyumba ya vyumba sita mjini Pangani ilipokuwa ikiuzwa shilingi mia nne na mnunuzi akaongezewa kuku, aliishi mjane mmoja jina lake Bi Mwanakombo. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa mninga, baraza mbili za mawe na ua wenye kisima. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na dada mmoja tu, Bi Mwanamtama, aliyeishi Muheza, na dada huyo alikuwa amepofuka. Ubavuni mwa nyumba ya dada palikuwa na kijumba cha vyumba viwili kinauzwa, mia nne kamili. Hesabu ya Bi Mwanakombo ilikuwa fupi: auze hii, anunue kile, akamshike dada yake mkono.

Akaja dalali Sempombe, mtu mwembamba, hodari wa kusema.

"Mama, usiseme mia nne. Sema mia saba."

"Mia nne."

"Basi sema mia sita, tushuke polepole."

"Sempombe, nataka mia nne. Hizo nyingine nitazilaza wapi?"

Siku ya tatu ya kusumbuliwa, mbele ya majirani waliokaa barazani, bibi akachoka. "Haya, sikieni nyote. Nyumba hii ikipata zaidi ya mia nne, iliyozidi ni ya atakayeipandisha bei, awe nani awe nani. Wallahi."

Majirani wakacheka. Sempombe hakucheka. Alivaa viatu akaondoka mbio.

Alikwenda kwa Mhina, mfanyabiashara wa mbata. Akamwambia, "Ijumaa baada ya alasiri, njoo uone nyumba. Njoo peke yako, na usioneshe hamu." Akaenda kwa Shekue, fundi cherehani. Akamwambia, "Ijumaa baada ya alasiri, njoo uone nyumba. Njoo peke yako, na usioneshe hamu."

Sasa Ijumaa hiyohiyo, jirani wa ukuta mmoja, Mzee Kibwana, alikuwa anapokea posa ya binti yake, na nyumba yake ilikuwa inapakwa chokaa. Akabisha hodi kwa Bi Mwanakombo.

"Jirani, niazime ua wako. Wazee wachache tu."

"Ua ni wako. Wachache wangapi?"

"Wanne."

Walikuja kumi na mmoja. Wakavua viatu mlangoni, jozi kumi na moja za makubadhi, wakapita mpaka uani.

Akaja Mhina, akaketi baraza ya kulia. Akaja Shekue, akaketi baraza ya kushoto. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, kila mmoja akijifanya amepita tu. Kisha Mhina akatazama viatu. Shekue akatazama viatu. Bi Mwanakombo akamimina kahawa.

Kumuuliza mwenye nyumba wageni wake wamefuata nini ni kukosa adabu. Tena wote wawili walikuwa wameambiwa wasioneshe hamu. Hawakuuliza.

"Mia nne," alisema Mhina.

"Na hamsini," alisema Shekue.

Huko uani wazee kumi na mmoja wakaangua kicheko kwa pamoja. Shekue akajikuna shingo. Alidhani wanaicheka hamsini yake.

"Mia tano," alisema Mhina.

Mhina akatazama viatu. Shekue akatazama viatu. Bi Mwanakombo akamimina kahawa, na hapo ndipo alipofahamu. Wanaume wawili wazima walikuwa wanashindana na makubadhi! Neno lilikuwa limekwisha mfika mdomoni: wanangu, wale ni watu wa posa. Lakini nani alikuwa amemuuliza? Akalimeza.

Mara akaja mjomba wa bwana harusi, anahema, jasho linamtoka. "Nimechelewa? Bado hawajakubaliana?" Akavua viatu, jozi ya kumi na mbili, akaingia mbio.

"Mia sita," alisema Shekue, naye amesimama.

"Na hamsini."

"Mia saba."

"Mia nane."

Kicheko kikambana Bi Mwanakombo. Ilibidi aume ncha ya kanga, hata akammwagia Shekue kahawa kwenye kanzu. Shekue hakusikia moto. "Mia nane na hamsini," alisema.

"Mia tisa," alisema Mhina.

Shekue akaweka kikombe chini. Mhina akapeana mkono na Bi Mwanakombo mbele ya Sempombe, aliyekuwa amejibanza kando ya mlango, akamkabidhi fedha zote papo hapo, maana aliogopa mtu atatoka uani na elfu moja.

Wakatoka kweli. Vigelegele vikalia, wazee kumi na wawili wakajaa mlangoni kila mmoja akitafuta makubadhi yake.

"Na nyinyi," Mhina aliuliza kwa sauti ndogo, "mlifika bei gani?"

"Bei?" Mjomba alishangaa. "Bwana, sisi tumeposa."

Mhina aliketi chini. Lakini mkono alikwisha kuutoa, na hakuwa mtu wa kuurudisha. Nyumba ikawa yake. Bi Mwanakombo akatenga mia nne, akazifunga kwenye pindo la kanga. Mia tano akaziweka mkekani. Kisha akangoja, kwa kuwa alikuwa ameapa.

Sempombe akasema, "Ni zangu. Nani aliwaleta wawili wakati mmoja? Ningewaita siku tofauti, kila mmoja angetoa mia nne na kudai kuku."

Mzee Kibwana akasema, "Ni zangu. Wawili wangechoka kwenye mia tano. Viatu ndivyo vilivyowapandisha, na viatu ni vya wageni wangu."

"Viatu vilitaja bei?" aliuliza Shekue. "Mimi ndiye niliyetaja. Kila aliponitazama, nilimwongezea. Nimekosa nyumba, na kanzu yangu ina kahawa. Nipeni."

Mhina akasema, "Aliyetaja mia tisa kwa mdomo wake ni nani? Ni mimi. Basi aliyeipandisha mpaka mwisho ni mimi. Nirudishieni."

Walipokuwa katika mabishano hayo, akaingia Bi Zubeda, muuza machungwa wa Muheza, kikapu bado kichwani. "Bi Mwanakombo, dada yako anakusalimu. Anasema fanya haraka. Kile kijumba kimepata watu wengine, na muuzaji sasa anataka mia sita."

Bi Mwanakombo akashika pindo la kanga yake. Mia nne. Akatazama mkeka. Mia tano. Akamwona moyoni dada yake anapapasa ukuta peke yake kwenda kisimani.

"Basi na mimi nadai," alisema. "Neno moja langu lingeirudisha bei mia nne. Nililishika mdomoni toka alasiri mpaka magharibi, na mnajua mdomo wangu. Nani amefanya kazi ngumu kuliko hiyo?"

"Uliapa, jirani," alisema Mzee Kibwana.

"Niliapa ni za aliyeipandisha, awe nani awe nani. Sikuapa kwamba si mimi."

"Ulituona tunapotea ukatumiminia kahawa," alisema Mhina.

"Mngeuliza, ningejibu."

Bi Mwanakombo akanyoosha mkono kuelekea mkekani, lakini kabla ya kugusa fedha akamgeukia muuza machungwa.

"Bi Zubeda, hao watu wengine wa Muheza, umewaona kwa macho?"

"Kwa macho sikuwaona," alijibu Bi Zubeda. "Niliona viatu mlangoni."

Mkono wa Bi Mwanakombo ukabaki pale pale, juu ya fedha, haushuki wala haurudi.

Nanyi mliokaa mkasikia yote, lori la Muheza linaondoka alfajiri na bibi lazima apande. Kuna dalali aliyewakutanisha, jirani aliyeleta viatu, fundi aliyepandisha akakosa, mnunuzi aliyepandisha akapata, na mwenye nyumba aliyejua akanyamaza. Je, katika hao watano, nani alistahili ile mia tano?