Kidole cha Tatu cha Mfalme Shekuwe

Hapo zamani, katika mji wa Mwangamo, siku ya Ijumaa baada ya sala, barazani walikuwapo hawa: Mfalme Shekuwe mwenyewe, Waziri Bwanadi, mpishi Mbwarali, aliyeleta sinia la kashata, Bi Mwanakombo, mwalimu wa chuo cha watoto, na wanafunzi wake saba, mdogo wao akiitwa Nunu, binti wa miaka mitano.

Huyo Bi Mwanakombo alikuwa mjane fukara, na watu walimwita punguani, kwa kuwa akiambiwa neno hulitenda kama lilivyosemwa. Lakini habari za wafalme wakuu wa dunia alizijua, na watoto aliwafundisha kwa vidole vitatu: cha kwanza, mfalme alizaliwa wapi, cha pili, alitenda nini, cha tatu, alizikwa wapi. Asiyetimiza vitatu hakuhesabiwa kuwa amelijua somo.

Basi wiki moja kabla ya siku hiyo, mfalme alipita karibu na chuo akawakuta watoto wakiinua vidole na kuimba, "Khufu kazikwa piramidini! Timuri kazikwa Samarkandi!" Akatega sikio, jina lake asilisikie, ikamuuma sana. Akamwita mwalimu.

"Hao wana nini nisichokuwa nacho mimi? Ijumaa ijayo watoto waje waniimbe, kamili kama wale. Kikipungua kidole kimoja, chuo nakifunga, nawe utahama mji wangu."

"Kamili kama wale, bwana wangu?"

"Kamili! Au umetia pamba masikioni?"

"Nimesikia, bwana wangu," akasema, akaenda zake.

Ikawa Ijumaa watoto wakasimama mbele ya mfalme, wakainua kidole cha kwanza. "Mfalme Shekuwe kazaliwa Mwangamo!" Wakainua cha pili. "Kawafukuza maharamia, kachimba kisima cha sokoni!" Mfalme akatabasamu, akamtazama waziri kuona kama naye amesikia.

Cha tatu hawakukiinua. Bi Mwanakombo akatoa kamba kikapuni, akapiga magoti, akaanza kumpima mfalme tangu kisigino hata kilemba.

"Unafanya nini wewe?"

"Napima urefu, bwana wangu. Kimebaki kidole kimoja tu, na jembe nimeacha hapo mlangoni. Wapenda upande wa msikiti, au pale nyuma ya jiko penye udongo laini? Mimi mkono hauna nguvu tena, lakini tukianza sasa, magharibi haitatukuta."

"Mwanamke, umerukwa na akili!" waziri akapiga kelele. "Huoni mfalme ni mzima?"

"Naona, Bwana Waziri, na hiyo ndiyo taabu yangu. Wale wote wamezikwa, naye kasema kamili kama wale. Nikipunguza, nahama mji. Na watoto hawa nitamwachia nani?"

Hapo Nunu akaangua kilio. Akapenya katikati ya watu wazima, akaushika mkono wa mfalme kwa mikono yake miwili.

"Bibi, tusimzike," akasema. "Ana joto."

Mfalme akamtazama mtoto yule, wala hakuuondoa mkono. Midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka, akacheka hata kilemba kikamwangukia begani.

"Bi Mwanakombo, amri yangu naitengua. Kidole cha tatu sikitaki!"

"Basi somo halikutimia, bwana wangu. Nihame?"

"Ukae! Kaa papo hapo ulipo, na chuo chako kiwe wazi. Wafundishe Khufu na Timuri. Mimi niache nje ya wimbo wako, tena uniache muda mrefu."

"Kama ulivyosema, bwana wangu," akajibu, akaikunja kamba yake.

Mbwarali akapitisha kashata, akianza na Nunu, naye akamfuta machozi kwanza kwa ncha ya kanzu yake, kwa upole kama baba. Waziri Bwanadi akaamriwa kulibeba jembe hata nyumbani kwa mwalimu.

Mfalme Shekuwe aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile.