Kaniki na Kapu la Kambale

"Paka wa nyumba haingwa." Ndivyo alivyosema mjomba wenu leo mchana, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sogeeni. Methali zote za bonde hili, chanzo chake nakijua mimi, na hakuna wa kunizidi. Basi, si zote. Ile ya kinyonga siijui, na ile ya mchi na kinu nikiulizwa hukohoa mpaka muulizaji aondoke. Lakini hii naijua, maana aliyenisimulia alikuwa na aibu ya kusema uongo, maradhi ambayo mimi sina.

Kwanza jueni kuinga. Kuinga ni kufukuza ndege shambani. Unapiga debe, unapiga ukelele, unarusha jiwe kwa kombeo, ndege wanaruka. Haya, sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Palikuwa na kijana akiitwa Mtupa, na katika mabonde ya mpunga hakuna aliyejua kuinga kama yeye. Alioa msichana wa ng'ambo ya mto, Somoe, na Somoe alikuja na mkeka wake, sufuria yake, na paka mweusi kama kaniki, ndiyo maana akamwita Kaniki. Waliishi na mama yake Mtupa, Bi Siwajui. Jina tu hilo. Watu aliwajua wote, na habari zao.

Mpunga ulipoanza kukomaa, Mtupa alihamia dunguni, kibanda kilichosimama juu ya miti katikati ya shamba. Mchana akiinga ndege, usiku akizuia nguruwe. Nyumbani wakabaki mkwe na mkaza mwana, na paka wao.

Bi Siwajui alikuwa na miguu ya kuvimba. Mganga alimpa mwiko wa samaki, naye akautangaza kisimani mpaka vyura wakaujua. "Mimi na samaki? Hata harufu yake naiogopa." Kapu la kambale wakavu lililoning'inia juu ya meko likawa la Somoe na mumewe.

Ndipo Kaniki alipoanza.

Usiku mmoja vyura walinyamaza ghafla, kama walioamriwa. Somoe alikuwa amelala, paka kajikunja miguuni pake. Paka akainuka. Somoe akahisi manyoya yakimgusa kisiginoni, yamesimama. Kaniki akashuka kitandani, akaenda mlangoni, akalia. Haukuwa mlio wa njaa ambao Somoe aliujua. Ulikuwa mlio mrefu, wa kubembeleza, kama anaongea na mtu.

Kisha jikoni kukatoka sauti. Krrt. Kimya. Krrt. Kama kitu kinachotafuna, kikasikiliza, kikatafuna tena.

"Mama," Somoe aliita. "Mama, umesikia?"

Hakujibiwa. Kutafuna kukakoma. Hapo ndipo damu ilipomwisha, maana alijua kuwa sasa kile kitu kimesikia sauti yake, kinajua na chumba alichomo. Akajifunika gubigubi, akabana pumzi mpaka jogoo alipowika.

Asubuhi kambale wawili hawakuwemo kapuni. Bi Siwajui alilitazama kapu, akamtazama paka, akamtazama mkwewe.

"Huyu si paka mtupu," alisema. "Paka mweusi anayelia usiku anamwita mwenziwe. Kwenu mlikuwa mnamlisha nini?"

"Dagaa, mama."

"Dagaa." Bi Siwajui akatikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo la kusikitisha.

Ikawa kila usiku. Vyura wananyamaza, paka anainuka, mlio, krrt. Somoe akaacha kulala. Zamani uzito wa Kaniki miguuni ulimtuliza. Sasa ulikuwa kama mkono wa mtu asiyemjua. Mchana alimpapasa mgongoni, kisha akanawa mikono.

Mtupa akaitwa. Alisikiliza maneno ya mama yake, akatwaa debe na kombeo, akamwinga paka. Aliinga kwa ufundi wake wote, majirani wakatoka kutazama. Kaniki akakimbia mpaka pale jiwe lisipofika, akaketi, akajiramba. Usiku akalia mlango uleule. Mtupa akamtia kwenye tenga, akamvusha mto kwa mtumbwi, akamwacha mbali. Hazikupita siku nyingi, wakamkuta kizingitini, tope mpaka masikioni.

"Sasa mmeona," akasema Bi Siwajui. "Kumbe kitu hakimo kwa paka. Kimo kwa aliyekuja naye. Ijumaa huyu binti arudi kwao, wazee wake wamtazame. Sisi hapa hatuna dawa yake."

Wanawake waliorudishwa kwao hivyo, Somoe aliwajua. Hakuna aliyewahi kuja kuchukuliwa. Akamtazama mumewe. Mtupa akatazama chini, na kule kutazama chini kukamtisha Somoe kuliko kile kinachotafuna.

Jioni alimfuata dunguni.

"Niazime usiku mmoja, mume wangu. Ulale nyumbani, mama asijue."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe watakula mpunga. Mimi je, nitaliwa na nini?"

Mtupa akaja kwa mlango wa uani, kimyakimya, debe mkononi. Wakalala macho. Vyura wakanyamaza. Kaniki akainuka, manyoya wima, akaenda mlangoni, akalia ule mlio wake. Krrt.

"Unasikia?" Somoe alinong'ona.

"Nasikia."

"Basi nenda."

"Tangulia wewe. Mimi msuli wangu haujakaa vizuri."

Mtu aliyelala peke yake viboko wakipumua chini ya dungu lake, leo ameshika pindo la kanga ya mkewe. Somoe naye alipofikiri juu ya jikoni aliogopa, na alipofikiri juu ya Ijumaa akaogopa zaidi. Akawasha kibatari, akakikinga kwa kiganja, akafungua mlango. Kaniki akapita mbele, mkia juu, kama anayekwenda karamuni.

Kule jikoni kitu kilikuwa kimechutama kando ya meko, kimejifunika nguo tangu kichwani. Kivuli chake kilipanda ukutani mpaka paani. Somoe akanyoosha mkono wenye kibatari, mwanga ukaingia ndani ya ile nguo.

Alikuwa Bi Siwajui, shavu limejaa. Kaniki alishapanda mapajani pake, naye mkono wake ukampa paka kichwa cha kambale hata kabla hajageuka, kama mkono uliozoea.

"Mama," akasema Mtupa.

"Nimekuja kulifukuza." Maneno yalipita kwa shida kati ya miiba.

"Kulifukuza nini?"

"Hilo jini."

"Limekimbilia wapi?"

"Kule." Akaonyesha kwa mkia wa samaki.

Mtupa akalitazama kapu, limeshushwa, limebaki nusu. "Na hawa kambale, mama, ni akina nani waliokuwa wakiwala?"

Bi Siwajui akatafuna polepole, akameza. Paka alikuwa anamramba vidole, kimoja kimoja.

"Siwajui."

"Jina lako tunalijua, mama," akasema Somoe. "Tunauliza samaki."

Mtupa akafanya lile analolijua: akainua debe amwinge paka. Mama yake akamfunika Kaniki kwa mkono, mwiba wa kambale umemning'inia mdomoni.

"Mwache, mwanangu," akasema kwa upole ambao nyumba ile ilikuwa haijausikia. "Paka wa nyumba haingwa."

Mtupa akashusha debe, wala hakuuliza ni paka yupi.