Soda ya Mgeni Rasmi

Sindano haimngoji mgeni rasmi.

Maneno hayo yalisemwa na mama mmoja katika sherehe ya kipaimara, alipokuwa akimpakulia mwanawe chakula ilhali paroko hajafika. Vijana waliokuwa wakipanga viti wakacheka, kisha wakamwuliza Mzee Otmari Hyera asili ya usemi huo. Walimwuliza yeye kwa sababu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kahawa hadi alipostaafu, na inasemekana usemi huo ulitoka kiwandani. Mzee Otmari alikitua chini kiti alichokuwa amekibeba, akakikalia.

“Methali nazo zina wazazi,” akasema. “Nyingi wazazi wake hatuwajui tena. Wa hii ninamjua kwa jina, na mambo yalikuwa hivi.”

Katika kiwanda cha kukoboa kahawa, kwenye mji mmoja mdogo wa milimani kule Umatengo, aliajiriwa mwanamke aitwaye Eufrasia Kapinga. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa kahawa iliyoletwa na vyama vya wakulima, na kuamua ipi iingie ghalani na ipi irudishwe juani. Aliifanya kazi hiyo vizuri, lakini si mapenzi ya kahawa yaliyomleta. Aliifuata kadi ya bima ya afya.

Tangu akiwa kidato cha pili, Eufrasia alikuwa na kisukari, kile ambacho mtu hawezi kuishi nacho bila insulini. Kabla ya ajira hiyo aliuza vitenge sokoni, na kila biashara ilipolala alipunguza dozi ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi. Nyayo zilikuwa zimeanza kumwaka moto. Daktari alimwambia bila kumficha, “Ukiendelea kuibania dawa, mwili nao utakubania wewe.” Ndiyo maana aliposikia kwamba kiwanda kinaingia mkataba na kampuni ya bima, na kwamba hata walio katika miezi ya majaribio watapewa kadi, aliifunga meza yake ya vitenge akaenda kuomba kazi.

Siku aliyoripoti alimweleza afisa utumishi, Gaudensi Mbunda, hali yake. Gaudensi aliinuka, akafunga mlango.

“Dada yangu, hilo la sukari liache nyumbani kwanza,” alisema. “Watu wa bima wakilisikia wataleta masharti. Meneja naye akilisikia kabla hujathibitishwa, atasema nimemletea mgonjwa. Nyamaza, upate kadi, upite majaribio. Baada ya hapo sema utakavyo.”

Ulikuwa ushauri wa mtu mwema, na Eufrasia aliufuata, ingawa ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila mchana, kabla ya chakula, alijichoma sindano chooni huku ameuegemea mlango. Wenzake walipomtania kwamba hakosi pipi mfukoni kama mtoto wa chekechea, alicheka pamoja nao. Lakini kicheko hicho kilimchosha kuliko kazi.

Ikafika siku ya kukabidhi kadi. Ghala lilifagiliwa, magunia yakasogezwa ukutani, na meza kuu ikavikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wa kanda wa kampuni ya bima. Mbele ya kiti chake iliwekwa soda ya machungwa, glasi iliyofunikwa kwa karatasi laini, na kifungulio. Pembeni zilipangwa hotipoti za wali na nyama ya mbuzi, na harufu yake ilikuwa ikizunguka ghala zima. Hakuna aliyegusa kitu. Desturi yetu ndiyo hiyo: mgeni rasmi hutangulia kula, na asipokuwapo hakuna wa kumtangulia.

Wakati wa chakula ulipofika na kuanza kupita, Gaudensi, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, alishika kipaza sauti.

“Ndugu zangu, mgeni wetu ameshaingia getini! Kwa kuwa muda umetutupa mkono, tutasali, kisha tutaanza na chakula. Hotuba baadaye.”

Watu wakapiga makofi. Sasa, katika shughuli za kwetu, “ameshaingia getini” ni maneno ya kuwabembeleza wenye njaa. Huenda mgeni mwenyewe bado yuko nyumbani anachagua tai. Kila mtu analijua hilo, na Eufrasia alilijua. Lakini siku hiyo alitaka sana kusadiki. Alitoka, akajichoma dozi ya mchana, akarudi kitini kungoja sahani.

Getini hapakuwa na mtu.

Kwaya ya kiwanda iliimba wimbo, ikaurudia, ikaanza mwingine. Eufrasia alikula pipi ya kwanza, kisha ya pili, na hakuwa na ya tatu. Jasho jembamba lilimtoka mgongoni ingawa ghala lilikuwa na baridi. Vidole vilianza kutetemeka. Midomo ilikufa ganzi, na sauti za kwaya zikawa kama zinatoka ng'ambo ya mto. Alimgeukia Skolastika, dada aliyepewa ulinzi wa kreti za soda.

“Dada, naomba soda moja.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

“Yako utapewa mgeni akishafungua yake. Nimekabidhiwa kwa idadi, usiniponze.”

“Najisikia vibaya, Skola.”

“Nani hapa anajisikia vizuri? Sote njaa inatuuma. Omba Mungu amwongezee dereva mafuta.”

Walioketi jirani wakacheka. Eufrasia hakucheka. Alijua kinachofuata, kwa maana kilishamkuta sokoni: giza, kisha ardhi, kisha nyuso za watu zikiwa zimeinama juu yake. Aliifikiria kadi. Aliifikiria miezi ya majaribio, na meneja aliyekaa meza kuu akitazama saa yake ya mkononi. Akisimama, siri itatoka. Akibaki ameketi ataanguka, na siri itatoka vilevile, ila yeye hatakuwapo kuisimulia. Katika ukungu ule wa akili aliliona jambo hilo waziwazi, na hasira ikampa miguu.

Akainuka. Alipita katikati ya safu za viti, akafika meza kuu, akachukua kifungulio, akaifungua soda ya mgeni rasmi. Hakuitafuta glasi. Aliigeuza chupa mdomoni na kuinywa hadi nusu.

Kwaya ilikatika.

“Amekunywa soda ya mgeni rasmi!” mtu akanong'ona, kwa sauti ya anayetangaza msiba.

“Dada Eufrasia!” Gaudensi alisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. “Unafanya nini? Hiyo ni ya mgeni!”

“Mgeni yupi, kaka Gaudensi? Huyu aliye getini?”

Ghala likalipuka kwa kicheko. Meneja, Bwana Komba, aligonga meza. “Mama, una wazimu? Rudi kwenye kiti chako!”

Eufrasia alikunywa tena, akajipangusa mdomo kwa kiganja. 

“Sina wazimu, mzee wangu. Nina kisukari. Nimejichoma insulini mlipotutangazia kwamba mgeni amefika. Ninyi mnaweza kumrudisha mgeni barabarani. Mimi sindano siwezi kuirudisha kwenye chupa. Imeshaingia mwilini na inadai chakula. Sindano haimngoji mgeni rasmi.”

“Una kisukari, na unakunywa soda?” meneja akauliza.

“Sukari ikipanda naikimbia, ikishuka naifuata. Leo imeshuka. Ningengoja kidogo tu, mngenibeba.”

“Kwa nini hukusema siku zote hizi?”

Eufrasia alimtazama Gaudensi, na Gaudensi akaitazama waya ya kipaza sauti. Eufrasia hakumtaja. “Nilinyamaza ili nipate kadi,” alisema. “Nimechoka kunyamaza.”

“Basi umesikika. Kaa chini, tutazungumza kesho.”

“Nitakaa, mzee, nikishapata sahani.”

Akafunua hotipoti ya kwanza, akajipakulia wali na nyama, akaketi palepale kwenye kiti cha mwisho cha meza kuu, akala.  Kisha Bi Theodosia, mkongwe wa wachambua kahawa, akajikokota hadi mezani na khanga yake begani.

“Nipakulie na mie,” alimwambia Skolastika. “Vidonda vyangu vya tumbo navyo havijaandikiwa barua ya mwaliko.”

Nyuma yake wakasimama wengine. Mgeni rasmi alipoingia hatimaye, akiwa ametokea kwenye sherehe nyingine aliyoanza nayo, alilakiwa na watu wenye vinywa vilivyojaa. Walimpigia makofi kwa mkono mmoja juu ya paja.

Hotuba ilikuwa nzuri. Alisema kwamba afya ni mtaji, kwamba kampuni yake inamjali mtu kuliko faida. Kisha akaanza kugawa kadi kwa majina. Kabla ya jina la Eufrasia, meneja alimwinamia mgeni akamnong'oneza. Mgeni akakohoa.

“Dada, kadi yako hii hapa, hongera sana. Nikufahamishe tu jambo moja. Kwa maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga, mkataba umeweka kipindi cha kungoja. Ni mwaka mmoja. Ukimaliza, tutakuhudumia kikamilifu.”

Hilo ndilo Gaudensi alilolihofia tangu mwanzo. Eufrasia alisimama na kadi mkononi, na kila aliyekuwa ghalani alijua kwamba kwa ajili ya kadi ile aliacha biashara yake na kujificha chooni.

“Mwaka mmoja nangoja nini?” akauliza.

“Ndiyo utaratibu, dada.”

“Leo nimengoja kidogo, mmeona wenyewe. Sasa huo mwaka nikingoja, mwaka wa pili mtamhudumia nani?”

“Nakuelewa, lakini malaria, mafua, ajali, yote hayo unatibiwa kuanzia leo.”

“Yaani inalipia kila ugonjwa isipokuwa huu nilio nao.” Aliiweka kadi katika kiganja cha mgeni, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe, taratibu, kama mtu anavyomfunga mtoto vidole akimpa amana. “Basi ikae kwako. Ugonjwa ukiniacha, nitaifuata.”

“Na presha yangu je?” Bi Theodosia akapaza sauti kutoka nyuma. “Niko nayo kabla hata wewe baba hujazaliwa.”

Mgeni akajibu, “Nayo pia, mama.”

“Na pumu?” mwingine akauliza.

 Bi Theodosia alikwenda akaiweka kadi yake juu ya kitambaa cheupe. Skolastika akafuata, ingawa hakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya ukali. Wakafuata wachambua kahawa, wapakiaji, mafundi; waliokuwa bado hawajaitwa wakakataa kupokea. Mgeni aliondoka na kadi zote alizokuja nazo.

Kesho yake meneja alimwita Eufrasia ofisini.

“Umetuaibisha mbele ya mgeni.”

“Mzee, ningeanguka kifudifudi ndani ya wali wake, aibu ingekuwa ya nani?”

Bwana Komba alijikaza asicheke, akashindwa kidogo, kisha akarejea kuwa meneja. Alimwongezea miezi ya majaribio.

“Niongezee,” Eufrasia akasema. “Nitaendelea kupima kahawa, na nitaendelea kula kwa wakati.”

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Eufrasia alinunua insulini kwa shida ileile ya zamani, na wapo waliomlaumu kwamba kwa ajili yake hata wenye mafua wamekosa kadi. Lakini chooni hakurudi tena. Alijichoma mezani, kwenye bwalo la chakula, sahani ikiwa mbele yake. Asiyetaka kuona alitazama pembeni. Gaudensi ndiye aliyetumwa kujadiliana na kampuni, na safari hii hakushauri mtu yeyote anyamaze. Mkataba ulitaka wafanyakazi wote wajiunge, na wafanyakazi wote walikuwa wamegoma kujiunga. Watu wa bima walikuja, wakaondoka, wakaja tena. Mwishowe sharti la kungoja likafutwa.

Kadi mpya zilipoletwa, Eufrasia hakuipokea yake mara moja. “Na hii nayo inangoja?” akauliza.

“Haingoji, dada. Inaanza leo.”

“Kama ni hivyo, nipe.”

Usemi wake ulibaki bwaloni kwa muda kama mzaha wa wenye haraka ya kupakua. Kisha ukatoka nje ya uzio. Ukasemwa na mkunga aliyeambiwa amngoje mjomba wa mzazi afike kwanza. Ukasemwa na wakulima ambao kahawa yao ilikuwa ikidondoka huku wakiambiwa msimu haujafunguliwa na kiongozi. Anayeutamka hamdharau mgeni. Anasema kwamba kuna haja zisizojua itifaki, na mwenye haja hizo hana sababu ya kuomba radhi kwa kuwa hai.

Mzee Otmari aliinuka, akakibeba tena kiti chake. Kijana mmoja akauliza, “Na mgeni rasmi, babu, siku ile alikunywa nini?”

“Maji,” akasema mzee. “Wala hakufa. Sindano haimngoji mgeni rasmi.”