Ngao ya Jumbe Mwandoro

Sogeeni, wenye masikio, niwape kisa kichungu.

Alikuwapo askari, jina lake Mwandoro. Pepo wa mtoni alimpa ngao, akamwonya, "Hii humkinga aliye nyuma yako. Wewe mwenyewe utaumia."

Zimwi lilipokuja kula watu, Mwandoro alisimama mbele. Likamparura kifua, asirudi nyuma. Likamparura uso, asirudi nyuma. Likamng'oa jicho, asirudi nyuma. Likachoka, likakimbia, na nyuma ya Mwandoro hakuna aliyeguswa. Watu wakamchagua kuwa jumbe, wakamchongea kiti cha mpingo.

Kiti kitamu, jamani! Mwandoro akazoea kutanguliwa na watu, kiti kikibebwa nyuma yake.

Zimwi likarudi. Mkewe, Mbodze, akamsihi, "Bwana, nenda mbele!"

"Jumbe hatangulii, mke wangu. Jumbe hutanguliwa."

Akainua ngao palepale, nyuma ya watu wote.

Zimwi likashiba kabla ya kumfikia. Akamwita Mbodze, hakuna aliyebaki wa kuitika. Akageuka na jicho lake moja atazame ngao imemkinga nani. Akakiona kiti, hakina hata mkwaruzo.

Kisa changu kimekomea hapo. Kiti kingalipo, anayekitaka akakikalie.